Kutafuta mwalimu wa taichi na kutaamali kwa Kitao China: anachokupa hasa ni nini? (Uzi mrefu)

Mpare_wa_Henan (mleta mada)

Wakuu salaam,

Kila baada ya muda humu ndani anatokea mtu kuuliza: nitampata wapi mwalimu wa taichi wa kweli, yule mzee wa mlimani mwenye siri za chi, ile nguvu ya uhai ya Wachina? Majibu huwa ya aina mbili. Wa kwanza anamwambia huo ni utapeli, wa pili anamwambia njoo inbox. Mimi nimesoma Henan, katikati ya China, nikabaki huko kikazi. Chenjiagou, kijiji cha ukoo wa Chen ambako taichi yao imetokea, kiko wilaya ya Wen, mkoa huohuo. Nimepita mikononi mwa walimu kadhaa, wazuri na wa hovyo. Asiye na bando apite tu, uzi ni mrefu.

Kwanza tuelewane. Wachina huzitaja sanaa tatu kwa pamoja kuwa ni za ndani: Taijiquan, ambayo ndiyo hii taichi, Baguazhang, ambayo mtu anazunguka duara akibadilisha viganja, na Xingyiquan, inayokwenda mbele moja kwa moja kwa ngumi fupi. Zinaitwa za ndani kwa kuwa nguvu haitafutwi kwenye misuli ya mkono. Inatafutwa kwenye mpangilio wa mwili mzima, kuachia viungo, na akili kutulia. Kutaamali kwa Kitao, yaani kukaa kimya na kutuliza akili kwa njia ya Utao, dini ya kale ya China, kuna historia yake mahekaluni, ila vitu hivi vimechanganyika siku nyingi na walimu wengi hufundisha vyote.

Hoja yangu ni moja. Mwalimu wa sanaa hizi hana siri ya kukupa. Anakupa masahihisho, na anayatoa kwa mkono.

Chukua zoezi la kusimama. Miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, mikono imezunguka mbele ya kifua, viganja vinakutazama. Basi. Mtu yeyote ataliiga kwenye picha. Ukiwa peke yako unajiona uko sawa kabisa, dakika zinapita, unajihisi fundi. Anakuja mwalimu, anaweka vidole viwili nyuma ya kiuno, kiganja kingine kifuani, anabonyeza kidogo tu. Kiuno kinashuka upana wa kidole. Papo hapo mzigo uliokuwa mgongoni unahamia mapajani, mapaja yanaanza kutetemeka, na pumzi iliyokuwa imekwama juu inateremka tumboni yenyewe. Anaondoka bila neno, anakwenda kwa mwenzako. Kesho yake ukiutafuta mkao ule huupati, maana mwili umezoea ubovu wake na unauona ndio unyoofu. Ndiyo maana unarudi kwake, na ndiyo maana watu wamekaa kwa mwalimu mmoja miaka na miaka bila kufundishwa jambo jipya.

Kusukumana mikono ni vilevile. Mnasimama mmegusana vifundo vya mikono, kila mmoja anatafuta kumtoa mwenzake kwenye mizani. Mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, unamsukuma unakuta hakuna kitu cha kusukuma. Bega lako likikaza tu yeye ameshajua, anageuza kiuno kidogo, wewe ndiye unayerudi nyuma hatua tatu. Hapo hakuna muujiza. Mkono wake unasoma mkazo wako mapema kuliko wewe mwenyewe unavyousikia. Usikivu huo hauandikiki kitabuni, unaambukizwa kwa kugusana.

Sasa historia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu inaondoa mambo mengi ya kwenye filamu.

Yang Luchan (1799–1872) alitoka Yongnian, Hebei, akaenda kuishi Chenjiagou miaka mingi akifundishwa na Chen Changxing. Hadithi maarufu ni kwamba alikuwa mtumishi akichungulia ukutani usiku na kuiba mafunzo. Muichukulie kama hadithi. Kinachojulikana ni kwamba mtu wa nje ya ukoo alikubaliwa, akaiva, kisha akaenda Beijing kufundisha kwenye majumba ya wakubwa wa Kimanchu, waliokuwa wakiitawala China. Huko ndiko taichi ilikotapakaa. Mjukuu wake Yang Chengfu (1883–1936) aliifanya iwe ya taratibu, yenye mikao mipana na ya kufikika na mtu wa kawaida, na taichi nyingi mnazoziona kwenye bustani za miji zinatokana na huko. Mwaka 1956 kamati ya michezo ya serikali ya China ikafupisha mtindo wa Yang hadi mikao 24, ambayo unaimaliza kwa dakika tano au sita. Ndiyo hiyo kila mtu anaanza nayo.

Ila ninayempenda zaidi ni Sun Lutang (1860–1933). Katoka familia maskini Hebei. Alianza Xingyi kwa Li Kuiyuan. Li alipoona kijana amefika mbali akampeleka kwa mwalimu wake mwenyewe, Guo Yunshen. Baadaye Sun akaenda Beijing kujifunza Bagua kwa Cheng Tinghua, ambaye alikuwa fundi miwani. Hata jina la utani wamempa Cheng wa Miwani. Akiwa ameshapita miaka 50, jina lake linajulikana kote, Sun akamkuta Hao Weizhen, mwalimu wa taichi, mgonjwa mjini Beijing. Akamuuguza. Hao alipopona akamfundisha taichi yake kwa shukrani, na Sun akakubali kuanza upya kama mwanafunzi. Mwaka 1915 akachapisha kitabu cha Xingyi, na mwaka 1921 cha Taichi, na ndani yake anasema wazi kwamba sanaa hizi tatu zinakutana mahali pamoja.

Tazameni mambo mawili hapo. Mwalimu aliyempeleka mwanafunzi kwa mtu anayemzidi, na bingwa aliyekubali kuwa mwanafunzi tena uzeeni. Leo ukikutana na mtu anayekukataza kumtembelea mwalimu mwingine, hiyo tabia hakuirithi kwa hawa.

Sehemu ya kutaamali naileta chini baada ya kula.

---

Chogo_Mchungu

Nimeweka kambi hapa. Mkuu usipotee, watu wa humu mnaanza uzi mnakimbilia kula mnarudi baada ya mwaka.

---

Bondia_Keko

Mleta mada umeandika vizuri lakini tuwe wakweli. Hizi taichi ni mazoezi ya wazee. Mwaka 2017 Xu Xiaodong, jamaa wa mapigano mchanganyiko, alimchapa bwana mmoja wa taichi anaitwa Wei Lei pale Chengdu kwa sekunde chache tu. Video ipo. Mzee mwingine, Ma Baoguo, mwaka 2020 kalazwa chini hata dakika haijaisha. Huyo mzee wako mwembamba asiyesukumika mlete gym kwetu raundi moja tu.

---

Mpare_wa_Henan

Bondia, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Wei Lei alikuwa ameshajitangaza kwa maajabu kwenye runinga kabla ya siku ile, na Xu alichofanya ni kuwapima watu wa namna hiyo hadharani. Kwangu alifanya kazi nzuri, ingawa ilimletea misukosuko mikubwa kwao.

Halafu jambo hili si geni. Januari 1954 kule Macau, Wu Gongyi, mkuu wa taichi ya ukoo wa Wu akiwa na miaka zaidi ya hamsini, alipanda ulingoni na kijana Chen Kefu, mtu wa mtindo wa Korongo Mweupe aliyekuwa pia amejifunza ngumi za Kizungu. Lilikuwa pambano la hisani kwa waathirika wa moto wa Hong Kong. Watu walijaa. Filamu yake ipo: damu puani, mateke ya ovyo, vurugu tupu, waamuzi wakalisimamisha bila mshindi. Ukiitazama huoni hata mkao mmoja wa taichi unaoufahamu. Pamoja na hayo, Wu alipanda. Wengi wanaouza siri leo hawapandi.

Kwa hiyo anayetaka ulingo aende kwenye ngumi, mieleka, au sanda, yaani ndondi za ngumi na mateke za Wachina wenyewe. Kusukumana mikono kunakupa mizani na usikivu, ila mtu asipokurushia ngumi halisi mara kwa mara hutajua ngumi ni nini. Na hata hao wakongwe: Cheng wa Miwani, pamoja na Bagua yake yote, alikufa kwa risasi za wanajeshi wa Kijerumani Beijing mwaka 1900.

---

Bondia_Keko

Haya hapo umenyoosha. Endelea na kutaamali, nasoma.

---

Mpare_wa_Henan

Kutaamali sasa.

Watu wakisikia Utao wanawaza Wudang, milima ya Hubei, na mzee Zhang Sanfeng anayesemekana kubuni taichi baada ya kumwona nyoka akipigana na ndege. Wudang ipo kweli, ina mahekalu ya zama za wafalme wa Ming, na tangu 1994 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hekalu la Zixiao ukipanda asubuhi na mapema linakusimamisha mwenyewe. Lakini habari ya Zhang Sanfeng na taichi haina ushahidi wa kihistoria. Mtafiti Tang Hao alikwenda hadi Chenjiagou miaka ya 1930 kutafuta chimbuko, akaangukia kwa Chen Wangting wa karne ya 17. Ukikuta shule Wudang inakuambia mtindo wao umetoka kwa Zhang moja kwa moja bila kukatika, wewe furahia mandhari tu.

Kutaamali kwenyewe kumeandikwa tangu zamani. Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa Kitao, ana kifungu cha kukaa na kusahau, na wakati wa wafalme wa Tang, Sima Chengzhen (647–735) akakitungia risala nzima: kaa, uache mwili, uache fikra, usishike kitu. Baadaye ikaja njia ya alkemia ya ndani, yenye lugha ya tanuri, madini ya risasi na zebaki, joka na simbamarara. Msiogope maneno hayo. Wanazungumzia vitu vitatu, uhai wa mwili, chi na roho, jinsi ya kuvikusanya visivuje ovyo.

Madhehebu makubwa ya watawa ni Quanzhen, yaliyoanzishwa na Wang Chongyang (1113–1170). Mwanafunzi wake Qiu Chuji, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, alisafiri kutoka Shandong hadi milima ya Hindu Kush kumwona Chinggis Khan, mtawala wa Wamongolia, aliyemwita. Wakakutana mwaka 1222. Swali la kwanza la Khan: una dawa gani ya kunifanya nisife? Jibu la mzee: ziko njia za kulinda uhai, dawa ya kutokufa hakuna. Khan, ambaye mbele yake watu walikufa kwa makosa madogo kuliko hayo, alimsifu kwa ukweli wake. Qiu amezikwa Hekalu la Wingu Jeupe, Beijing, na tawi la Longmen linalomtaja yeye ndilo lenye watawa wengi hadi leo. Nikisikia mtu anauza maisha marefu kwa jina la Watao namkumbuka mzee huyu.

Kwa vitendo unafundishwa nini? Mwanzoni karibu hakuna. Unakaa kwenye kigoda au mto, miguu imekunjwa kwa kadiri unavyoweza, uti wa mgongo wima bila kukakamaa, kidevu ndani kidogo, ncha ya ulimi imegusa kaakaa, macho nusu. Unaacha pumzi iende inavyokwenda. Fikra zinawekwa polepole chini ya kitovu, kwenye dantian. Mawazo yakija yanapita. Mwalimu mzuri atakukalisha hivyo hadi uchoke kuuliza lini utapelekwa mbele.

Masahihisho hapa ni magumu zaidi kwa sababu hakuna goti la kurekebisha. Mwalimu wangu alikuwa akitazama nyusi na mabega, na akisikiliza pumzi. Ukikaa ukilazimisha joto tumboni, shingo inakaza, uso unakunjamana. Alikuwa akigonga sakafu mara moja kwa kidole, nawe unajua ni wewe. Sifa yake ilikuwa neno moja la watu wa Henan, "zhong", sawa. Nalo si kila juma.

Jiang Weiqiao (1873–1958) ni mfano mzuri kwa mtu wa leo. Msomi wa Jiangsu, aliugua kifua kikuu akiwa kijana, akaachana na kila kitu akawa anakaa kimya kila siku kwa utaratibu, akapona. Mwaka 1914 akatoa kitabu kidogo kinachoeleza kukaa kwake kwa lugha ya kawaida, bila joka wala zebaki. Sisemi kukaa kunatibu kifua kikuu, jamani, TB inatibiwa kwa dawa, nenda kituo cha afya. Nasema alitoa kitu kwenye mafumbo akakiweka mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kukijaribu na kukipima.

Onyo la mwisho kwenye hili. Kulazimisha pumzi, kuibana, kuzungusha chi kwa nguvu mgongoni na kifuani kwa kufuata video, kunaharibu watu. Wachina wana jina la hali hiyo tangu zamani, na miaka ya 1980 walipopatwa na wimbi la chigongi, mazoezi ya pumzi na chi, nchi nzima, madaktari wa akili walipokea watu waliokuwa wakisikia sauti, hawalali, miili inatetemeka haikomi. Mwenye historia ya kuugua akili asianze peke yake.

---

Ustadh_Mkunazini

Assalaam alaykum. Ahsante kwa maelezo, sheikh. Naomba kuuliza kwa nia njema. Haya mambo hayana ibada ndani yake? Isije ikawa mtu anakwenda kutafuta siha akajikuta anasujudia masanamu.

---

Mpare_wa_Henan

Waalaykum salaam ustadh. Swali la msingi, na nitakujibu bila kuzunguka.

Hekaluni kuna ibada. Kuna masanamu ya Watatu Walio Safi, miungu mikuu ya Kitao, kuna ubani, kuna kusoma vitabu asubuhi na jioni. Ukijiunga kama mtawa unaingia kwenye dini kamili. Kwa walimu wa taichi vijijini na mijini hali ni tofauti, wengi hawana habari na dini ya mwanafunzi. Taichi ni mazoezi, na kukaa kimya unafundishwa pumzi na mkao.

Pa kuangalia ni kwenye sherehe ya kupokelewa kuwa mwanafunzi wa ndani. Kuna mwanafunzi wa kawaida anayelipa ada na kuondoka, na kuna mwanafunzi wa ukoo. Huyu wa pili huandika karatasi rasmi ya kuomba, hupiga magoti mbele ya mwalimu mara tatu, humpa chai kwa mikono miwili pamoja na bahasha nyekundu, mbele ya mashahidi. Mara nyingi ukutani kuna picha za wakongwe waliotangulia na ubani unawashwa. Muislamu au Mlokole anaweza kuona hapo pana tatizo. Wapo wageni walioomba kuinama tu bila kupiga magoti na wakakubaliwa, wapo waliokataliwa. Ukibaki mwanafunzi wa kawaida hakuna anayekulazimisha, na masahihisho utayapata yaleyale kama mwalimu ni mwaminifu. Zaidi ya hapo waulizwe wenye elimu ya dini.

---

Ustadh_Mkunazini

Nimekufahamu. Jazakallah kheir.

---

Mama_Kitengela

Hii thread imenibamba. Mimi niko na mama yangu wa miaka 74, magoti yanamsumbua na ashaanguka bafuni mara mbili. Daktari alimwambia afanye mazoezi mepesi. Hii taichi itamsaidia ama ni hadithi tu?

---

Fizio_Moshi

Dada pole kwa mama. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nijibu hili kabla ya mleta mada.

Si hadithi. Kwenye kuanguka na mizani, taichi ni kati ya mazoezi yaliyopimwa vizuri. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Oregon, Marekani, wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, waligawanywa makundi matatu: taichi, mazoezi ya kuongeza nguvu, na kujinyoosha. Baada ya wiki 24 za vipindi viwili kwa wiki, kundi la taichi lilikuwa na mizani bora kuliko makundi yote mawili, na lilianguka mara chache kuliko la kujinyoosha. Kwenye magoti, mwaka 2016 Boston waliwalinganisha watu 204 wenye magoti yaliyosagika, nusu taichi, nusu fiziotherapia ya kawaida. Matokeo yalikuwa karibu sawa. Mimi ninayeishi kwa fiziotherapia nakuambia hivyo.

Mama aanze akiwa ameshikilia kiti kizito au ukuta, asichuchumae chini, na bafuni muweke vishikio na mkeka usioteleza. Hivyo vishikio vina haraka kuliko taichi.

---

Mpare_wa_Henan

Asante daktari. Niongeze la kwetu. Magoti mengi yanaharibiwa na taichi yenyewe ikifanywa vibaya. Goti linatakiwa lielekee vidole vya mguu vinakoelekea na lisipite ncha yake. Mtu akigeuka, kigeuke kiuno na nyonga, goti lisisokotwe. Wanafunzi wapya Chenjiagou hushuka chini sana kuiga mabango ya mabingwa, wiki ya pili wanatembea kwa kuvuta mguu. Mama yako asimame juu, hatua fupi. Mikao ya juu haina aibu yoyote.

---

Kijana_Ubungo

Mkuu tupe bei na ramani basi. Mimi nataka kwenda kabisa. Na je hizi za mtandaoni vipi? Kuna jamaa ana darasa la WhatsApp, "kufungua chi ndani ya siku saba", na cheti cha mlima Wudang unapewa.

---

Mpare_wa_Henan

Bei sitaji, zinapanda kila msimu na mgeni huambiwa yake. Ramani hii hapa.

Chenjiagou leo ni kijiji cha shule. Kuna shule kubwa za mabweni zenye watoto na wageni, kuna walimu wanaofundisha uani kwao. Tangu UNESCO waiweke taichi kwenye orodha ya urithi usioshikika, Desemba 2020, biashara imechangamka zaidi. Ukifika usilipe muda mrefu siku ya kwanza. Omba ukae pembeni utazame. Hesabu mwalimu mwenyewe anawagusa wanafunzi wangapi ndani ya kipindi, na anamsahihisha mwanafunzi dhaifu au anacheza na mabingwa wake tu. Mahali pengine jina la bingwa liko getini, bingwa yuko Ulaya kwenye semina, unafundishwa na kijana wa miaka kumi na tisa. Sisemi kijana hajui, wengine wako vizuri sana, ila ujue unalipia nini.

Na usidharau kijiji kwa sababu ya biashara. Mwaka 1958 Chen Zhaopi alirudi kijijini kutoka mjini akakuta vijana hawana wa kuwafundisha. Akabaki. Yakaja Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, mambo ya kale yakapigwa marufuku, mzee akadhalilishwa hadharani, na vijana wakawa wanafanya mazoezi kwa kujificha. Alikufa 1972. Wanne kati ya wale vijana, Chen Xiaowang, Chen Zhenglei, Wang Xi'an na Zhu Tiancai, ndio walioitembeza taichi ya Chen duniani. Mzee yule asingebaki, leo tusingekuwa na cha kujadili hapa.

Jifunze Kichina kabla ya kuondoka. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Taasisi ya Confucius tangu 2013. Mkalimani atakutafsiria majina ya mikao, lakini mwalimu akisema "acha nyonga, siyo tumbo" huku ameshakushika, ni wewe unatakiwa uelewe sekunde hiyohiyo.

Video nazo zina kazi yake. Kukumbuka mfuatano wa mikao, kulinganisha mitindo, kumwona Yang Chengfu kwenye picha zake za zamani. Hazitakuambia bega lako la kushoto liko juu.

Kuhusu huyo wa siku saba, muulize matatu. Nani alikufundisha na wapi? Naweza kuja kutazama ukifundisha ana kwa ana, bila kulipa? Naweza kuongea na mwanafunzi wako wa zamani ambaye hakuuzii chochote? Mtu wa kweli hayo anayajibu huku anakunywa chai.

---

Chogo_Mchungu

Siku saba! Chinggis Khan angejua angekuja Ubungo, asingehangaika na yule mzee.

---

Kijana_Ubungo

😂😂 Nimemtumia hayo maswali matatu kama yalivyo. Kaona, tiki za bluu, kanitoa kwenye group.

---

Mpare_wa_Henan

Basi ada yako imesalimika, itafaa kwenye nauli. Anza kusimama leo, dakika tano asubuhi, usiongeze hadi magoti yasilalamike. Jirekodi kwa pembeni na kwa mbele, uniwekee picha hapa. Mkono wangu haufiki Ubungo, ila kiuno kilichobinuka naweza kukiona.

---

Bondia_Keko

Kijana akishindwa nauli ya China aje Keko, jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Mpare ukirudi likizo njoo na wewe, hiyo ya kusukumana mikono nataka niionje kabla sijaitukana tena.

---

Mpare_wa_Henan

Nakuja Desemba. Bila glovu, na tunaanza taratibu.